Bi Swichi Hana Printa

Kilainishi aliliona boksi kabla hajamwona aliyelibeba. Lilikuwa jeupe, la ukubwa wa tofali, na ubavuni lilikuwa na picha ya ruta yenye antena nne juu kama meza iliyopinduliwa. Lilikuwa linapanda ngazi za jengo la kinyozi polepole, kwa adabu zote, kama trei ya mayai. Nyuma yake ndipo alipokuwa bibi mmoja mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni, anahesabu vidato kwa sauti.

Kilainishi alikuwa amekaa kwenye benchi la kinyozi, hanyolewi wala hasubiri kunyolewa. Aliinua macho juu akamshukuru Mungu, maana bibi kizee mwenye ruta mpya, kwa mtu wa fani yake, ni sawa na kuku aliyejichinja, akajinyonyoa, akaja kuuliza jiko liko wapi.

Jina la Kilainishi alipewa mtaani, kwa sababu hapakuwa na jambo gumu ambalo ulimi wake ulishindwa kulilainisha. Aliwahi kumuuzia mwenye duka la miavuli mwavuli wake mwenyewe, na yule bwana akamshukuru. Lakini dunia haina haki, jamani. Pamoja na kipaji chote hicho, huu ulikuwa mwezi wa nne analala kwenye kochi la dada yake, miguu ikining'inia nje kuanzia magotini. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shemeji yake, dereva wa lori la saruji na mtu wa maneno machache, hakuwa na jembe, kwa hiyo siku ya mia na ishirini alimpa tarehe. Jumamosi jioni, alisema, nataka kunyoosha miguu kwenye kochi langu.

Leo ilikuwa Jumatatu. Kilainishi hakuwa anatafuta utajiri. Alichokitaka ni mlango, mlango mmoja tu ambao akiufunga, umefungwa.

Alifungua begi lake akatoa vitendea kazi. Cha kwanza kilikuwa kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari inayong'aa, kitu ambacho ukikivaa hata mlinzi wa benki anakufungulia geti kisha anakuuliza kama utahitaji ngazi. Cha pili kilikuwa kadi ya maktaba iliyokwisha muda miaka sita iliyopita. Aliivaa shingoni ikiwa imegeuzwa, mgongo mbele, kwa sababu mgongoni kulikuwa na vile vimistari vyeusi vya kusomwa na mashine, na watu huviheshimu zaidi kuliko maandishi. Akapanda ngazi mbili mbili.

"Shikamoo bibi. Natoka idara ya usalama wa mawimbi."

"Marahaba, mwanangu. Narudia: idara ya usalama wa mawimbi," alisema bibi, na kabla ya kumkaribisha akaichukua kalamu iliyokuwa nyuma ya sikio akaandika kwenye daftari.

Huyo ndiye Bi Swichi. Nyumba ilikuwa yake, ghorofa tatu zote, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Jina lilitokana na kazi. Miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye swichibodi ya makao makuu ya reli, akiunganisha simu za wakubwa, na kanuni ya swichibodi ilikuwa moja: ukisikia, rudia; ukisharudia, andika; ndipo uunganishe. Alistaafu swichibodi, lakini kanuni haikustaafu. Alirudia bei za nyanya. Alirudia salamu. Wapangaji walisema ukimgongea mlango na kupiga hodi, kwanza anairudia hodi yako, halafu ndiyo anaitikia.

Ukumbini palikuwa na meza dirishani, kabati la chuma lililojaa madaftari, na ile mikrofoni yake ya zamani ya kuvaa kichwani, imetundikwa ukutani mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi. Boksi lilikuwa mezani. Kilainishi alilitazama, akatikisa kichwa kwa huzuni kama daktari mbele ya kipimo kibaya, akauliza kama bibi anajua kwamba mji mzima, hivi tunavyoongea, watu wanaingiliwa kwenye ruta zao.

Bibi alirudia kwamba watu wanaingiliwa kwenye ruta zao. Akauliza hao wanaoingia huwa wanataka nini. Kilainishi akasema wanataka kila kitu.

Sasa, uongo mzuri huvishwa nguo za ukweli, na huyu bwana alikuwa fundi cherehani wa mambo hayo. Karibu yote aliyoyasema asubuhi ile yalikuwa kweli tupu. Ruta ikae juu, katikati ya nyumba, isifichwe nyuma ya kabati la chuma wala pembeni ya friji. Ile paswedi ya kiwandani, iliyoandikwa kwenye stika chini ya ruta, ibadilishwe siku hiyo hiyo, kwa sababu mgeni yeyote akiigeuza ruta ameshaiona. Paswedi mpya iwe ndefu, isiwe tarehe ya kuzaliwa wala jina la mtoto. Kile kitufe cha kuunganisha haraka bila paswedi kizimwe kabisa. Bibi alirudia kila neno na kuandika, na Kilainishi akajikuta ananyoosha mgongo kama mwalimu.

Ukweli ulipofika mwisho, uongo ukakaa mahali pake. Alimweleza kwamba kufuli ni mbili. Ya kwanza ni ya kuingia kwenye mtandao, hiyo bibi ataichagua mwenyewe. Ya pili ni ya msimamizi, ya kuingia ndani ya ruta na kubadilisha mambo, nayo ni ya kitaalamu.

"Ya pili haimhusu mteja," alisema Kilainishi.

"Narudia: ya pili haimhusu mteja." Kalamu ikatembea.

Bibi akageukia ukuta ili achague paswedi yake kwa siri, na wakati amegeuka Kilainishi akaweka yake kwenye kufuli ya pili. Kisha akafungua mtandao mwingine wa pembeni, ule ambao watu huwawekea wageni, akauwekea paswedi yake na kuubatiza jina la Printa ya Ofisi. Katika maisha yake yote ya ufundi hakuwahi kuona mtu anayethubutu kuichokoza printa. Mlango wa mbele ukawa wa bibi, wa uani ukawa wake.

Wakati taa za ruta zinawaka moja moja, bibi alieleza kwa nini ameinunua. Binti yake alikuwa anaishi mbali, ng'ambo ya bahari, na alikuwa na mtoto wa miezi kumi na moja. Kila siku saa kumi jioni binti hupiga simu ya picha. Mtoto alikuwa ameanza kukusanya midomo, wiki hii au ijayo angesema neno, na binti aliapa kwamba anaelekea kusema bibi.

"Nimeunganisha simu za watu miaka thelathini na mmoja," alisema. "Hii moja ni yangu. Nataka niisikie ikifika."

Kilainishi alikuwa na moyo, ila siku za kazi aliuacha nyumbani. Alikataa malipo. Huduma ya kwanza ni bure, alisema, akanywa chai, akashuka ngazi akipiga mluzi.

Chini alianza kumwaga sera. Kampuni, alimwambia kinyozi, imechagua jengo hili kwa majaribio ya mtandao wa pamoja. Malipo ni ya wiki, nafuu kuliko bando, na ni vizuri jambo hili lisifike kwa mwenye nyumba, kwa kuwa wazee wanaogopa mionzi. Kinyozi alilipa kabla sentensi haijaisha. Akafuata mshonaji wa ghorofa ya kwanza, kisha wale dada wawili wanaosomea uuguzi, kisha mwalimu wa kwaya, kisha yule bwana wa ghorofa ya pili anayetazama mpira wa nchi ambazo hata hajui ziko wapi. Kufikia Jumanne mchana walikuwa tisa, wote wamelipa, hakuna aliyeomba hata punguzo.

Mtu mwenye busara angejiuliza. Wapangaji tisa, na hakuna hata mmoja aliyevuta muda? Lakini mtu akisifiwa na mfuko wake mwenyewe huwa kiziwi. Kilainishi alijiona bingwa, akalala kwenye kochi usiku huo akitabasamu, miguu ikining'inia kwa furaha.

Jumatano alipita kwa bibi kufanya alichokiita ukaguzi, akamkuta amekaa mbele ya simu. Jana saa kumi, bibi alieleza, simu iliingia vizuri. Mtoto alikaa mbele ya kioo, akakusanya midomo, akasema b, halafu picha ikaganda. Ikaganda mdomo uko wazi. Dakika kumi nzima bibi alikaa anatazama meno mawili ya chini, mpaka simu ikakatika.

Kilainishi alijua vizuri kilichotokea. Kwenye bomba la mtu mmoja alikuwa amechomeka watu tisa, na saa kumi ndiyo saa ya mpira. Alihisi kitu kinamchoma tumboni, akajiambia ni chai. Lakini hofu yake kubwa ilikuwa nyingine. Bibi alisema anafikiria kuita fundi wa kampuni, yaani fundi wa kweli, aje aangalie.

"Bibi, fundi wa kampuni ndiye mimi," alisema haraka. Akaeleza kwamba mawimbi yanachoka njiani kwa sababu ya kuta nene, na dawa yake ni visambazaji, vile vijiruta vidogo vinavyopokea mawimbi na kuyasukuma mbele, kimoja kila ghorofa na kimoja kwenye paa. Gharama ni juu ya kampuni.

"Narudia: gharama ni juu ya kampuni," alisema bibi, na safari hii aliandika kwa herufi kubwa.

Kampuni ikavunja mfuko wake. Hela yote ya wateja tisa iliishia dukani: visambazaji vinne, waya, misumari, na drili ya kukodi. Kilainishi, ambaye shemeji yake aliapa hajawahi kumwona akiinua kitu kizito kuliko kijiko, alitoboa kuta siku mbili. Alipitisha waya kwenye kona za ngazi ukiwa umenyooka, kwa sababu kila ulipopinda Bi Swichi alisimama chini ya ngazi na kuutazama tu mpaka Kilainishi anaunyoosha. Vumbi lilimjaa masikioni. Wapangaji walipita wakimpa pole, na mshonaji alimletea maji. Alijifariji kwamba ng'ombe anayekamuliwa lazima alishwe. Na kila saa kumi ilipokaribia, kwa kutumia ile kufuli ya pili, aliwapunguzia kasi wateja wake wote kwa nusu saa, ili bibi asiite fundi. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Jumatano na Alhamisi mtoto alikuwa na mafua, akalala.

Lakini paani ndiko mambo yalikomharibikia. Pembeni ya tangi la maji palikuwa na chumba kimoja, kidogo, mlango wa bluu, dirisha moja linaloangalia mji mzima. Mlangoni lilining'inia kufuli la shaba, zito, la kizamani. Kilainishi alichungulia dirishani na drili mkononi akasahau alichopandia. Ndani palikuwa patupu na safi. Alipima kwa macho mahali pa kitanda, kitanda kirefu, cha miguu kuishia ndani.

Akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama chumba hicho kinapangishwa. Bibi akajibu kwamba kinasubiri mtu.

Usingizi ulimpaa. Ijumaa ilikuwa siku aliyoipanga kukusanya mapema malipo ya wiki ya pili. Angekusanya, angempa bibi kodi ya mwezi kwa hela ya wapangaji wake mwenyewe, na Jumamosi jioni shemeji angenyoosha miguu mpaka ichoke. Ni mpango mzuri kiasi kwamba Kilainishi aliona aibu kidogo kuwa na akili nyingi namna hiyo peke yake.

Ijumaa, saa tisa na nusu, aliingia kwa kinyozi akiwa na kizibao kimepigwa pasi. Kinyozi alikuwa anamkwangua mteja kichwa. Alisema, kwa upole mkubwa, kwamba leo hatalipa, kwa sababu ile Printa haipo tena na yeye ameshapewa paswedi nyingine. Kilainishi akatoa simu yake. Printa ya Ofisi haikuwepo. Palikuwa na mtandao mmoja tu, unaitwa Swichibodi, mawimbi yamejaa mpaka juu, nao ulimwomba paswedi. Alijaribu ile kufuli ya pili, ya kitaalamu. Ikakataa. Akajaribu tena polepole, kana kwamba ruta ilikuwa haijasikia vizuri, ikamkatalia tena.

"Nani kakupa paswedi?" aliuliza.

Kinyozi akaelekeza wembe juu.

Alipanda ngazi kidato kimoja kimoja. Mlango ulikuwa wazi. Bi Swichi alikuwa amekaa dirishani, ile mikrofoni ya zamani ameivaa kichwani, haijaunganishwa na kitu chochote ila heshima. Daftari lilikuwa wazi mbele yake.

"Kaa, fundi. Nakurudishia rekodi yako, uniambie kama kuna kosa. Jumatatu, saa nne na dakika kumi, ameingia fundi wa idara ambayo haipo. Kadi ya maktaba, imegeuzwa. Saa nne na dakika arobaini, amefungua mtandao wa pili, umetokea kwenye simu yangu: Printa ya Ofisi." Akavua miwani. "Mimi sina printa, mwanangu."

Kilainishi aliificha kadi ndani ya kizibao.

Bibi akaendelea bila haraka. Ndani ya boksi la ruta, alisema, huwa kuna kijitabu cha maelekezo. Watu hukitupa. Yeye alikisoma Jumamosi, akakisoma tena Jumapili mara mbili. Ukurasa wa tisa unaeleza kwamba nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo, na ukiingiza pini ukashikilia sekunde kumi, ruta inasahau kila kitu na kila mtu, inarudi ilivyozaliwa. Ukurasa huohuo unasema nenosiri la msimamizi ndilo la kwanza kubadilishwa, na asipewe mtu. Leo mchana alitumia pini ya kufungia mtandio.

"Sasa kama ulijua kufunga mwenyewe," alisema Kilainishi, "mimi ulinitakia nini?"

"Kutoboa," alisema Bi Swichi. "Ukuta wa hii nyumba ni mgumu, na mafundi wa kweli wana gharama."

Mengine aliyasimulia kama mtu anayesoma orodha ya simu. Yule bibi wa jengo la pili, ambaye Kilainishi alimuuzia bima ya antena mwezi uliopita, walikaa naye swichibodi moja miaka kumi na tisa. Ndiye aliyemweleza Bi Swichi sura ya Kilainishi, kizibao chake, na benchi analokaa. Wapangaji waliambiwa mapema kwamba atakuja kijana anayeongea vizuri, wamlipe bila kubishana, watafidiwa kwenye kodi. Na lile boksi, Jumatatu, lilipita mbele yake mara tatu.

"Mara mbili za kwanza ulikuwa unaongea," alisema. "Magoti yangu yanauma mpaka leo." Kisha uso wake ukabadilika. "Kila kitu nilikipanga. Ila ile ya Jumanne sikuipanga. Ile iliniuma, na sitaki kukuficha."

Kilainishi alitazama chini, na hapo ndipo alipogundua kwamba ile ya Jumatano haikuwa chai. Simu ikaita.

Saa kumi kamili. Bi Swichi aliinua kidole, kama alivyowanyamazisha wakubwa wa reli, akaiegemeza simu kwenye kikombe. Picha ikaja safi, haina hata doa: binti, na mbele yake mtoto mwenye kamasi zilizokauka na meno mawili. Mtoto aliangalia kioo. Aliangalia ile mikrofoni kichwani mwa bibi. Akakusanya midomo, akavuta pumzi, na jengo zima kama lilivuta nayo, maana wapangaji wote tisa walikuwa wamejaa mlangoni na hata yule bwana wa mpira alikuwa amezima mpira.

"Bi-bi."

Binti akapiga kelele kule. Mshonaji akajifuta machozi kwa kitambaa cha mteja. Bi Swichi akanyoosha mkono kuchukua kalamu, akasema "Narudia," halafu akashindwa. Mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja, na mingine juu yake, kitu kilifika na hakikurudiwa. Alikaa tu, kalamu hewani, mashavu yamelowa.

Sasa ungetegemea kwamba Kilainishi naye angelia, akatubu, akaomba msamaha mbele ya kadamnasi. Alilia, ndiyo, kidogo, jicho moja. Lakini lile jicho la pili, kavu, liliona kwamba boksi la ruta bado liko mezani, limefungwa kwa karatasi ya gundi na juu yake pameandikwa: KISAMBAZAJI CHA AKIBA, KIPYA. Kisambazaji kipya kinauzika. Hela yake imeishia ukutani mwa watu, kesho ni Jumamosi, na hakuna anayemwangalia. Aliliweka chini ya kizibao, akajipenyeza katikati ya watu waliokuwa wanakumbatiana, akashuka. Boksi lilikuwa zito, likamtia moyo.

Alifika kwa dada yake anahema. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kochi, upande mmoja, anapima kwa macho upande wa pili. Kilainishi alikaa sakafuni akachana gundi.

Hapakuwa na kisambazaji. Palikuwa na kijitabu cha maelekezo, ukurasa wa tisa umekunjwa kona. Juu ya kijitabu palikuwa na kufuli la shaba, zito, la kizamani, na ufunguo umo ndani yake. Chini palikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari, mwandiko umenyooka kama waya wa kwenye ngazi zile.

*Nilijua utaondoka nalo. Kufuli hili, mlango wake unaujua. Kodi ni ufundi: nyumba yangu kwanza, kisha antena ya rafiki yangu uliyemwekea bima. Kazi inaanza Jumatatu saa mbili asubuhi. Kizibao njoo nacho, kinakupendeza. Kadi iache.*

Alisoma mara ya kwanza akitafuta mtego. Alisoma mara ya pili akiutafuta zaidi, maana kwa uzoefu wake hakuna kitu cha bure kisicho na ndoano. Shemeji aliegemea, akauona ufunguo, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akatabasamu. Akainua miguu, mmoja, halafu wa pili, akainyoosha kwenye kochi lake mpaka mwisho.

Ndipo Kilainishi akaigeuza karatasi na kuiona ndoano. Ilikuwa mstari mmoja, umepigwa mstari chini.

*Ufunguo wa pili ninao mimi. Msimamizi ni mmoja.*